Kwa Nini Ndege Huruka Nusu Tupu

Hapa kwetu Pwani nasikia swali hili mara kwa mara: ndege inaondoka Manda au Malindi viti vingi vikiwa vitupu, je, wenyewe hawapati hasara? Jibu lina manufaa kwa kila anayetaka safari ziongezwe, au anayehofia kwamba zitapunguzwa.

Gharama za shirika la ndege ni za aina mbili. Kuna zinazolipwa ndege iruke isiruke: mkopo au kodi ya ndege, bima, mishahara ya ofisini. Na kuna zinazokuja kwa sababu safari imefanyika: mafuta, ada ya kutua, huduma za uwanjani. Mwenye matatu wa Mtwapa anaijua hesabu hii bila kufundishwa. Benki na bima vinamdai hata gari likilala. Ikiwa nauli za abiria wa usiku zitalipa mafuta, dereva na utingo, kisha kikabaki chochote, gari litakwenda.

Mfano mashuhuri ni wa shirika la Continental la Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 lilikuwa likijaza takriban nusu tu ya viti vya ndege zake za Boeing 707, na bado likipata faida. Mwaka 1963 jarida la Business Week lilieleza hesabu yake kwa mfano. Safari moja ikibebeshwa fungu lake la gharama zote, inagharimu dola 4,500. Mapato yake ni dola 3,100. Kwa haraka haraka mtu angeifuta. Lakini gharama zinazoletwa na safari yenyewe ni dola 2,000 tu. Ikiruka, inaacha dola 1,100. Ikifutwa, zile 2,500 za kudumu zinadaiwa vilevile, na 1,100 za kuzipunguza hazipo.

Shirika hilo lilikuwa pia na safari ya usiku kati ya Denver na Colorado Springs, mara nyingine bila hata abiria mmoja. Ilikuwa nafuu kuliko kulipia mahali pa kulaza ndege Denver.

Ila hesabu hii ina masharti, na mimi nayaona matatu. Kwanza, safari mpya isiwanyang'anye abiria safari nyingine za shirika lilelile. Pili, hesabu ijumlishe nauli za wanaoendelea mbele: wa Lamu anayepandia Nairobi ndege ya Muscat analeta zaidi ya nauli ya kipande kimoja. Tatu, safari zote zikijumlishwa lazima zilipe gharama zote, la sivyo ndege zikichakaa hakutakuwa na pesa za kununua nyingine.

Kwa hiyo, tunapoomba safari, malalamiko peke yake hayatoshi. Mombasa ina mabasi, na tangu 2017 ina treni ya SGR. Nauli ya ndege ikipanda, abiria ana pa kwenda. Lamu njia mbadala ni chache na ndefu. Wenye hoteli, wafanyabiashara na viongozi wetu wapeleke idadi: abiria wangapi, siku gani, msimu gani, na nauli gani wanaimudu. Anayepanga ratiba atauliza jambo moja tu: safari hii ikiongezwa, itaingiza zaidi ya itakachotumia? Tukimjibu kwa tarakimu, atatusikiliza.