Kumbukumbu isiyo na bekapu: somo kutoka Kaya Kinondo

Wapenzi wa michezo ya kompyuta mnaijua Assassin's Creed, iliyotoka mwaka 2007. Mtu analazwa kwenye mashine, na maisha ya mababu zake yanasomwa kutoka kwenye vinasaba vyake. Katika riwaya ya The Giver ya Lois Lowry (1993), mzee anamwekea kijana mikono mgongoni na kumbukumbu zinahama. Zikishahama, mzee hanazo tena. Yaani si kunakili, ni kukata na kubandika!

Haya, sasa tuje nyumbani. Kusini mwa Diani, Kwale, kuna Kaya Kinondo, msitu wa takriban hekta 30 wa Wadigo, mojawapo ya jamii tisa za Wamijikenda. Zamani kaya ilikuwa kijiji kilichojificha ndani ya msitu. Wazee husimulia kwamba Wamijikenda walitoka Singwaya, upande wa kaskazini, wakaja na fingo, kinga ya jamii, wakaizika kayani. Kufikia miaka ya 1940 makaya mengi yalikuwa yamehamwa, lakini misitu ilibaki mahali pa maombi na makaburi.

Je, habari ya Singwaya ni kweli? Mwaka 1972 mwanahistoria R. F. Morton alidai kwamba ilienea miongoni mwa Wamijikenda mwishoni mwa karne ya 19 tu. Thomas Spear, aliyekusanya simulizi za wazee, alimpinga. Wasomi wamebishana tangu hapo.

Lakini tazama jinsi mfumo wenyewe unavyofanya kazi. Ukiingia Kinondo unafungwa kaniki kiunoni. Hukati mti, huokoti kitu ukaondoka nacho. Hakuna anayekupakulia historia kichwani. Unapewa masharti, na kuyatii ndiko kukumbuka. Ubishi wa wasomi hauwezi kuufuta msitu, nao umesimama kwa sababu vizazi vilitii.

Ndiyo maana siafikiani na wanaosema, "Tuwarekodi wazee kwa video, kazi imekwisha." Video inahifadhi maneno. Haihifadhi nani anaruhusiwa kuyasikia, wapi, na akishayasikia afanye nini. Sisi waandika programu tungesema umehifadhi data ukatupa ruhusa zake.

Na hatari ipo. UNESCO iliyatia makaya, Kinondo ikiwemo, katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Mwaka uliofuata, 2009, mila zake ziliingizwa katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ardhi ya pwani inatafutwa sana, miji inapanuka, na vijana wanakulia mbali na wazee. Mti unaweza kuwekewa ua. Sharti lisilo na wa kulirithi halina ua.

Basi wewe unayebuni ulimwengu wako wa mchezo au hadithi, ukifika kwenye ibada ya kumbukumbu jiulize: anayepokea anatakiwa kufanya nini kesho yake asubuhi? Kama hakuna, umebuni flashi diski tu.