Stakabadhi za Kahawa Zisizo na Jina la Bibi

Ndugu msomaji, leo naomba tuweke kando siasa na habari za mjini. Nataka kumzungumzia mtu ambaye hakuna gazeti lililowahi kumwandika, likiwemo hilo linalonilipa mshahara. Ni bibi yangu mzaa baba.

Bibi alifariki mwaka 2021 huko Mwika, Kilimanjaro. Matanga yalipokwisha nilipewa kazi ya kupanga makaratasi yake, maana ndugu zangu wanaamini kuwa mwandishi wa habari ndiye mtu wa makaratasi. Ndani ya sanduku lake la bati nilikuta vitenge viwili, kitabu cha nyimbo za kanisani na bunda la stakabadhi za kahawa. Nilizisoma zote usiku ule. Za zamani zina jina la babu. Babu alifariki mwaka 1989, na kuanzia hapo zina jina la baba yangu mkubwa. Hakuna hata moja yenye jina la Bibi.

Historia ya kahawa ya Kilimanjaro tunaijua. Wamisionari waliileta mwishoni mwa karne ya 19, Wachagga wakaipokea na kuipanda vihambani katikati ya migomba. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, mojawapo ya vyama vikuu vya ushirika vya mwanzo kabisa Afrika. Kahawa ikajenga shule, ikaezeka nyumba bati, ikasomesha watu waliokuja kuwa mawaziri na maprofesa. Yote hayo ni kweli. Swali langu ni dogo tu: nani alikuwa anaichuma?

Kwetu aliichuma Bibi. Alichuma mbuni nyekundu moja moja, kwa sababu mkahawa hauivi kwa siku moja. Jioni ileile alizimenya kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, maana zikilala zinaharibika. Kisha kuziloweka, kuziosha, kuzianika kwenye vichanja, na kukimbia kuzifunika kila mvua ilipotishia. Hapo bado hujahesabu majani ya ng'ombe, ambayo aliyafuata tambarare na kuyapandisha mlimani kichwani. Zikishakauka, aliubeba mzigo hadi kwenye mizani ya chama cha msingi. Babu akitangulia mbele na kadi mkononi.

Kwa desturi ya kwetu, kahawa ni ya baba. Ndizi, maziwa na mbege ni vya mama. Kwa hiyo fedha kubwa ya msimu ilikuwa na mwenyewe, na fedha ndogo ya kila siku, ile ya chumvi, mafuta ya taa na daftari, ilikuwa na mwenyewe pia.

Mwaka 1975 baridi kali iliua mikahawa Brazil, na miaka miwili iliyofuata bei ilipaa duniani. Wazee wanaikumbuka kama miaka ya neema, ingawa ndiyo kipindi ambacho serikali ilivunja vyama vya ushirika, mwaka 1976, hadi sheria ya mwaka 1982 ilipovirudisha. Niliwahi kumuuliza Bibi yeye alipata nini miaka ile. Akacheka. "Nilipata kazi, mume wangu. Bei ikipanda, kahawa inachumwa mpaka ya mwisho."

Baba yangu alianza sekondari mwaka 1985, shule ya binafsi, ya ada. Fedha ya kahawa ilikuwa imekwisha, na ilikwendaje aliyejua ni babu. Bibi akaongeza kupika mbege. Alichemsha ndizi mbivu, akachanganya uji wa ulezi na gome la msesewe, akauza soko la Mwika. Alikuwa Mlutheri wa kukaa benchi la mbele, na mzee mmoja wa kanisa akaja kumwonya. Bibi akamwambia, "Basi wewe mlipie mtoto ada, na mimi nitazima moto." Mzee akaondoka. Moto uliwaka miaka 4, na Jumapili Bibi alikuwa benchi lake lilelile.

Babu alipofariki, ukoo ulikaa kikao. Kadi ya kahawa akapewa baba mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa akiishi Dar es Salaam na hajui kupogoa mkahawa. Bibi akaambiwa ataendelea kukaa na kutunza. Akaendelea. Chama siwezi kukilaumu sana, kiliandika jina kililopewa na ukoo.

Kinachoniuma ni kwamba miaka 6 kabla ya kikao kile, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikuwa imeamua kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Majaji walisema kazi za nyumbani za mke ni mchango halisi katika mali ya ndoa, zihesabiwe wanandoa wanapoachana. Ilikuwa kesi ya talaka, si ya mirathi, lakini wazo lake lingetosha kuwafanya wanaukoo wainue macho na kumtazama aliyekuwa akiwapelekea chai. Baadaye, mwaka 1999, zikaja sheria mbili za ardhi zilizotamka kuwa mwanamke ana haki sawa na mwanamume kumiliki ardhi. Kwetu hakuna aliyezileta kikaoni.

Mimi sina ubavu wa kunyoosha kidole. Nikiwa mwaka wa 3 chuo kikuu niliandika utafiti mfupi kuhusu ushirika wa kahawa. Niliwahoji wazee 6 barazani kwetu, wote wanaume. Walinieleza habari za bei, kamati na mnada wa Moshi. Bibi alituletea chai, akarudi jikoni. Nilipata alama nzuri. Aliyeimenya kahawa ile kwa zaidi ya miaka 50 alikuwa hatua 10 kutoka nilipokaa, na sikumuuliza swali hata moja. Lile swali la miaka ya neema nilimuuliza baadaye, tukimenya ndizi, tena kama utani.

Ndugu msomaji, kama bibi yako bado yupo, usingoje matanga. Kaa naye jikoni na daftari. Muulize kwa siku alibeba nini, alikibeba umbali gani, na fedha ilishikwa na nani. Kisha omba uone karatasi za shamba, utazame jina lililoandikwa. Kama si lake na kazi ni yake, lizungumzeni angali hai.

Pumzika, Bibi. Ada ililipwa.