Dalali yuko wapi? Kutoka mnada wa Garissa hadi mnada wa mtandaoni

Leo naweka programu pembeni kidogo, nizungumze habari za ng'ombe. Msikimbie! Tutafika kwenye kompyuta na simu muda si mrefu.

Ukimwambia mtu wa Garissa neno "mnada", hafikirii tovuti. Anafikiria vumbi, malori na ng'ombe waliotembea siku nyingi. Soko la mifugo la Garissa ni miongoni mwa masoko makubwa kabisa Afrika Mashariki, na ukubwa wake una historia. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, mifugo ya kusini mwa Somalia iliyozoea kuuzwa Kismayo na Mogadishu ilianza kuvuka mpaka kwa wingi upande wa Liboi. Kutoka Garissa hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 370, na Nairobi haichoki kula nyama.

Sasa fikiria tatizo lenyewe. Mfugaji anatoka Juba, mnunuzi anatoka Nairobi. Hawajuani na pengine hawataonana tena. Mnunuzi anaogopa ng'ombe wa wizi, muuzaji anaogopa kuachwa bila ng'ombe wala pesa. Je, hili si tatizo lile lile la mtu anayeuza kompyuta yake mtandaoni? Mimi naona ni lile lile, herufi kwa herufi.

Garissa walilitatua kwa mtu. Wasomali wanamwita dilaal, sisi tunasema dalali, na maneno yote mawili yalitoka Uarabuni. Muuzaji hamfuati mnunuzi mwenyewe. Anampa mnyama dalali anayemjua, mara nyingi wa ukoo wake, anayeijua na alama ya moto iliyo mwilini mwa mnyama. Dalali anapatana bei na kulipwa ada kwa kila kichwa. Lakini angalia: mwenye ng'ombe halisi akitokea kesho, anayetafutwa kwanza ni dalali. Pia mfanyabiashara akichukua ng'ombe kwa mkopo, alipe akishauza Nairobi, ni dalali anayeulizwa pesa ziko wapi.

(Kidogo nje ya mada: katika masoko ya Wasomali kama la Hargeisa, wanaopatana hushikana mikono chini ya kitambaa na kutajiana bei kwa vidole, wasimama pembeni wasijue. Ukisoma darasani habari za zabuni ya siri, jua kuna watu wanaifanya bila hata karatasi.)

Haya, tuvuke bahari. Septemba 1995 Pierre Omidyar alifungua mnada wake wa mtandaoni huko Marekani, ambao baadaye ulijulikana kama eBay. Mwanzoni mwa 1996 akaongeza sehemu ya watu kusifiana au kulaumiana baada ya kuuziana. Ilikuwa akili nzuri sana: sifa ya mtu, ambayo Garissa hukaa vichwani mwa wazee, ikageuzwa namba. Lakini namba ina udhaifu ambao dalali hana. Tapeli akichafua jina lake asubuhi, mchana anafungua akaunti nyingine. Dalali wa Garissa hawezi kufungua ukoo mwingine.

Ndipo utapeli ukapata nafasi. Ule wa zamani uliotumika sana kwa wauzaji ni wa hundi: mnunuzi anatuma hundi iliyozidi bei, anaomba umrudishie chenji, halafu benki inakuja kugundua kwamba hundi ni bandia. Chenji imekwenda, mali imekwenda.

Kwetu hundi haikushika sana. Machi 2007 Safaricom ilileta M-Pesa, na mfanyabiashara ambaye zamani alisafiri na noti kwenye barabara yenye majambazi akapata njia nyingine. Ada kubwa zaidi ni kwamba katikati hakukuwa na mtu tena, ila ujumbe mfupi. Tapeli akajifunza kuandika ujumbe unaofanana na ule wa kweli: jina, kiasi, saa, hata salio. Muuzaji anausoma, anaachilia mali. Tovuti za matangazo nazo, kama OLX ambayo shughuli zake za Kenya zilinunuliwa na Jiji mwaka 2019, huwakutanisha watu tu. Yakiharibika, tovuti haidaiwi ng'ombe.

Kwa nini linanihangaisha? Ukame wa 2020 hadi 2023 uliua mifugo zaidi ya milioni 2 nchini Kenya. Familia iliyobakiwa na ngamia wawili, ikiuza mmoja kwa picha ya WhatsApp kwa mtu asiyejulikana, inaweka rehani karo na chakula cha miezi. Huyo si mtu wa kuambiwa "pole, ulikuwa mjinga".

Kwa hiyo swali langu kabla ya kuuza chochote mtandaoni ni moja: hapa katikati dalali ni nani, na atapoteza nini nikiibiwa? Kama hayupo, basi kazi ya dalali ifanye wewe. Ujumbe wa kweli wa malipo huingia chini ya jina MPESA, palepale zilipo jumbe zako za zamani, si kutoka namba ya kawaida. Hata hivyo usiuamini huo peke yake, maana jina la mtumaji nalo huweza kuigwa. Fungua menyu mwenyewe, uangalie salio. Picha ya skrini ya mnunuzi si malipo. Anayelipa zaidi na kuomba chenji, mwache aende na bei yake nzuri.

Kisha kuna wale wanaolipa kweli, wakachukua mali, halafu wakaomba pesa irudishwe wakidai walikosea namba. Hapo kinachokuokoa ni ushahidi: mazungumzo yenu usiyafute, na siku ya kukabidhi mali andikianeni karatasi yenye jina, namba ya kitambulisho na kiasi. Kwa mnyama, piga picha ya alama yake, mnunuzi akiwa amesimama kando yake.