KUKWAMA na KUGOMA: namna ya kutaja hitilafu za bastola ya mashindano

kwam.a *kt* [sie] shindwa kuendelea kwa kuzuiwa na kitu kingine.
gom.a *kt* [sie] kataa kutenda kazi inayotarajiwa.

Mjini Tunduma, mkoani Songwe, tofauti ya vitenzi hivi viwili haihitaji kamusi. Lori lililokwama ni zima: injini inaunguruma, ila magurudumu yamezama topeni, au mbele yake imejipanga foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kuingia Nakonde. Lori lililogoma limekataa lenyewe. Dereva amewasha mara tatu na haliwaki. La kwanza hukwamuliwa, la pili huitiwa fundi.

Mfasiri wa kanuni za ulengaji shabaha, au wa mwongozo wa bastola inayojipakia yenyewe, huifuta tofauti hiyo anapoandika "bastola imekwama" kila mahali. Gharama ya kuifuta hupimika. Katika shindano la Olimpiki la bastola ya kufyatua haraka, umbali wa mita 25, mlengaji hupiga mikupuo ya risasi tano tano: kwa sekunde 8, kisha 6, kisha 4. Silaha ikishindwa kufyatuka katikati ya mkupuo, kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Ulengaji Shabaha (ISSF) huuliza chanzo. Ganda lililobaki ndani, au risasi iliyogongwa isilipuke, ni hitilafu inayokubalika, na mlengaji hapotezi mkupuo wake kwa sababu hiyo. Magazini isiyoingizwa sawasawa, au kizuizi cha usalama kilichosahauliwa, ni hitilafu isiyokubalika, na kila risasi ambayo haikupigwa huandikiwa sifuri. Aidha, anayeugusa mtambo kabla msimamizi hajaukagua hupoteza haki yake. Msimamizi anayepokea tafsiri yenye neno "imekwama" peke yake hajaambiwa lolote la kumsaidia kuamua.

Ugumu wa kwanza umo katika neno *risasi* lenyewe. Asili yake ni Kiarabu, ambako hutaja madini mazito ya kijivu, na maana hiyo bado tunayo: fundi wa redio hulehemu kwa risasi. Kwa silaha, neno hilo hilo hubeba kitu kizima kinachopakiwa na pia kile kipande kinachoruka kwenda kwenye shabaha. Katika habari za magazeti utata huo hauleti madhara. Katika maelezo ya hitilafu unaweza kupotosha, kwa maana "risasi imebaki ndani ya mtutu" humfanya msomaji mmoja aone risasi nzima ambayo haijapigwa, na mwingine aone kipande kilichopigwa kikaishia njiani. Hali hii ya pili ndiyo ya hatari zaidi, kwani risasi inayofuata ikipigwa nyuma yake mtutu unaweza kupasuka. Inafaa kuandika *risasi* kwa kitu kizima, *kichwa cha risasi* kwa kinachoruka, na *ganda* kwa kinachobaki. Neno *ganda* limekwisha kuzoeleka katika taarifa za polisi.

Baada ya hapo, fuata safari ya risasi. Ikitoka kwenye magazini ikagonga ukingo wa chemba na kusimama, *imekwama mlangoni mwa chemba*. (Wanaocheka kwamba chemba ni ya majitaka wana haki ya kucheka, lakini watumiaji wa silaha wanalitumia neno hilo na hakuna jingine lililoenea.) Chanzo huwa midomo ya magazini iliyopinda, springi iliyochoka au uchafu. Risasi ndogo za milimita 5.6 zina ukingo uliotokeza kitakoni. Ukingo wa risasi ya juu ukikaa nyuma ya ule wa risasi ya chini, hiyo ya juu haiwezi kusogea mbele. Hapo ningeandika *imenasa*, kwa kuwa kinachoizuia ni mwenzake aliyeishika. Ganda lisipovutwa kutoka chembani, *halikuchomoka*. Likichomoka likashikwa kwenye dirisha la kutokea, *limebanwa*. Mara nyingi kubanwa huku hutokana na baruti dhaifu au mkono uliolegea, hivyo kwamba kipande cha juu cha bastola hakirudi nyuma vya kutosha.

*Kugoma* tukiachie risasi iliyofika mahali pake, ikagongwa, isilipuke. Hapa uteuzi wa neno unagusa uhai. Iliyogoma inaweza kuwa imechelewa tu, ndiyo maana mafunzo mengi ya usalama humtaka mpigaji aendelee kuuelekeza mtutu kwenye shabaha kwa takriban sekunde 30 kabla ya kufungua silaha. Anayeambiwa "imekwama" huanza kukwamua papo hapo. Wawindaji wa gobore wanaijua hali hii kuliko walengaji wa mashindano, kwa kuwa baruti inayoshindiliwa kwa mkono hupata unyevu kwa urahisi. Gobore, kwa upande mwingine, halina magazini, kwa hiyo sehemu kubwa ya msamiati wa kukwama hauna kazi kwake.

Kitenzi *kulisha* kinahitaji uangalifu wa kisarufi. Yambwa inayokifuata moja kwa moja ni yule anayekula: mama humlisha mtoto uji. Kwa hiyo "magazini inalisha risasi" ina maana kwamba risasi ndiyo inayopewa chakula. Muundo sahihi ni *magazini huilisha chemba risasi*, au kwa kutendwa, *chemba hulishwa risasi*. Binafsi napendelea "risasi haikuingia chembani", sentensi ambayo msimamizi yeyote ataielewa bila kuirudia.

Mwisho, bastola hizi zisiitwe *rashasha*. Rashasha humimina risasi maadamu kifyatulio kimebanwa. Bastola inayojipakia yenyewe hutoa moja kwa kila mbano. Mbele ya hakimu, tofauti hiyo ni kubwa kuliko ilivyo mbele ya mwamuzi wa mashindano.