Somali: Meli ya Makaa Iliyoilisha Königsberg

Novemba 7, 1914, makombora ya manowari ya Kiingereza Chatham yaliipata meli ya mizigo iliyojificha ndani ya delta ya Rufiji. Meli ikashika moto na kuteketea. Jina lake lilikuwa Somali, mali ya kampuni ya Deutsche Ost-Afrika Linie ya Hamburg, na kazi yake tangu vita vianze ilikuwa kupeleka makaa ya mawe kwa manowari Königsberg. Vitabu vya Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki huisimulia Königsberg kurasa kwa kurasa, ilhali Somali hupata mistari michache. Makala haya yanaikumbuka Somali, kwa sababu bila yake Königsberg isingefika hata Rufiji.

Deutsche Ost-Afrika Linie ilianzishwa mwaka 1890, Wajerumani walipohitaji njia yao wenyewe ya bahari kufikia koloni lao jipya. Meli zake zilileta watumishi wa serikali, vyuma vya reli, nguo na barua, zikarudi na katani, mpira na pembe za ndovu. Watu wa Tanga, Dar es Salaam, Kilwa na Lindi walizizoea bandarini mwao, na makuli wa pwani ndio waliozipakia na kuzipakua. Somali ilikuwa mojawapo ya meli hizo, wala hakuna aliyeiunda kwa ajili ya vita. Vita viliikuta kazini.

Königsberg iliingia Dar es Salaam Juni 1914, ikiongozwa na Max Looff. Ilikuwa na mizinga 10 ya sentimita 10.5 na mwendo ambao manowari kuukuu za Waingereza katika maji haya zisingeufikia. Wenyeji walifurika ufukweni kuitazama. Lakini mwendo huo wote ulitoka kwenye makaa. Ghala zake, hata zikijazwa pomoni, zilibeba tani 800 na ushei tu, na kila ilipokimbia kwa nguvu zote akiba hiyo iliyeyuka kwa siku chache. Waingereza walikuwa na makaa Aden, Mombasa, Zanzibar, Bombay, Colombo na Rasi ya Tumaini Jema. Wajerumani walikuwa na bandari za koloni lao peke yake, na hayo makaa yenyewe yaliletwa kwa meli kutoka ng'ambo. Vita vilipoanza, mawakala wa Uingereza walinunua hata makaa yaliyokuwa Msumbiji, chini ya Wareno, ili yasimfikie Looff. Ukitaka kujua Waingereza waliiogopa Königsberg kwa kiasi gani, tazama fedha walizozimwaga kununua makaa wasiyoyahitaji.

Julai 31, Looff aling'oa nanga akatoka Dar es Salaam. Nje walimngoja Waingereza wenye manowari tatu, Hyacinth, Astraea na Pegasus, wakamfuata pande zote. Mvua kubwa ilipopita baharini aliongeza mwendo na kuwatoroka. Aliokoka, ila kwa gharama ya makaa mengi. Siku chache baadaye habari za vita zilimfikia kwa redio, na tangu hapo safari yake yote ikategemea Somali, iliyokuwa imetoka Dar es Salaam na shehena ya makaa ili ikutane naye kaskazini.

Agosti 6, Königsberg iliikamata City of Winchester katika Ghuba ya Aden. Hiyo ilikuwa meli ya kwanza ya biashara ya Uingereza kukamatwa katika vita hivyo, ikitoka India na chai ya msimu mpya kwenda London. Looff aliipeleka hadi visiwa vya Khuriya Muriya, kwenye pwani ya Oman, akachukua makaa yake, kisha akaizamisha. Makaa hayo yalikuwa ya India, na hayakuwa mazuri: yalitoa moshi mwingi na nguvu kidogo. Kwa meli inayowindwa, moshi mweusi unaoonekana kutoka mbali ni hatari sawa na adui mwenyewe.

Nyumbani nako mlango ulikuwa umefungwa. Agosti 8, Astraea iliishambulia Dar es Salaam kwa ajili ya mnara wake wa redio, na Wajerumani wenyewe wakazamisha chelezo chao kikubwa kwenye mlango wa bandari ili adui asiingie. Asiingie adui, na wala Königsberg isirudi. Tangu siku hiyo manowari ya Looff haikuwa na bandari hata moja ya kwake. Ilikuwa na Somali tu.

Zilikutana karibu na Ras Hafun, kwenye pembe ya Afrika, Agosti ikielekea ukingoni. Msomaji wa pwani anajua bahari ya huko inavyokuwa mwezi huo, kusi ikiwa bado inavuma. Kuhamisha makaa kutoka meli hadi meli kulitaka maji yaliyotulia, kwa hiyo manahodha walitafuta hifadhi nyuma ya rasi au kisiwa, wakazifunga meli ubavu kwa ubavu. Kisha kazi ikaanza. Mabaharia waliingia ndani ya ghala, wakajaza magunia kwa koleo, wakayainua kwa kamba, wakayamimina upande wa pili, saa baada ya saa, katika joto ambalo hata kivuli kilichoma. Vumbi la makaa liliingia machoni, kooni, katika chakula na katika maji ya kunywa. Hakuna aliyesamehewa, maana manowari iliyofungwa ubavuni mwa meli ya mizigo ni windo rahisi na kila saa ilihesabiwa. Kwa njia hiyo yapata tani 850 zilipita kutoka Somali kwenda Königsberg. Hivi ndivyo vita vya baharini visivyochorwa kwenye picha, na kwa maoni yangu ndivyo vilivyokuwa vigumu kuliko kufyatua mizinga.

Kwa makaa hayo Looff alishuka hadi Majunga, Madagascar, akitafuta meli za Wafaransa, asikute kitu. Akaenda Aldabra kuchukua makaa mengine kutoka Somali, na huko mawimbi yakamsumbua. Sasa hapakuwa na njia ila kutafuta mahali pa kujificha, penye maji tulivu, karibu na watu wa kumletea makaa. Mahali hapo palikuwa Rufiji. Meli ya vipimo Möwe ilikuwa imepima midomo ya mto huo kabla ya vita, na Wajerumani walijua kwamba manowari inaweza kuingia maji yakijaa, jambo ambalo ramani za Waingereza hazikulionyesha. Septemba 3, 1914, Königsberg iliingia kwa mlango wa Simba Uranga ikapanda hadi Salale. Somali nayo ikaingia delta.

Hapo ndipo watu wa Rufiji walipovutwa katika kazi ya makaa. Vyombo vidogo vilipita pwani kwa pwani, vikikwepa doria za Waingereza, vikileta makaa, chakula na dawa. Sehemu hii ya habari ina utajiri wa kazi na umaskini wa majina. Waliojua vijito vya delta, waliojua ni saa ngapi chombo kitapita na ni saa ngapi kitapwelewa, walikuwa wavuvi na wakata boriti wa huko. Maafisa wa Kijerumani waliandika kumbukumbu zao, na za wavuvi hao hazikuandikwa.

Makaa hayo yalitosha kwa pigo moja kubwa. Alfajiri ya Septemba 20, Königsberg ilitokea mbele ya bandari ya Zanzibar na kuikuta Pegasus imetia nanga, mitambo yake ikiwa katika matengenezo. Mizinga ya Pegasus haikuweza kufika mbali kama ya Königsberg. Kwa muda mfupi Pegasus ilikuwa imeharibiwa, zaidi ya mabaharia 30 wamekufa, na baadaye ikazama. Makaburi ya wengi wao yako hadi leo kwenye kisiwa cha Chapwani, mbele ya Mji Mkongwe.

Ushindi huo ulikuwa wa mwisho. Mtambo wa Königsberg uliharibika, ikarudi Rufiji, na vipande vilivyovunjika vikachukuliwa kwa njia ya nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, vikivutwa na kubebwa na watu, kisha vikarudishwa vivyo hivyo. Wakati huo manowari tatu za kisasa za Waingereza, Chatham, Dartmouth na Weymouth, zilikuwa zikiisaka pwani nzima.

Na kilichoifichua ni makaa. Oktoba 19, watu wa Chatham walipanda mto wa Lindi wakaikuta President, meli nyingine ya kampuni ileile, imejificha ikidai kuwa ya hospitali. Ndani yake walipata karatasi zilizoonyesha kwamba ilikuwa imepeleka makaa Rufiji. Hawakuhitaji zaidi ya hapo. Oktoba 30, kikosi kidogo kiliposhuka ufukweni karibu na delta, kiliiona milingoti ya meli mbili nyuma ya mikoko, Königsberg na Somali, ingawa Wajerumani walikuwa wamefunga matawi juu ya milingoti ili ifanane na miti.

Königsberg ilikuwa ndani mno na ikasogea juu zaidi. Somali haikuwa na bahati hiyo, na siku nane baada ya kuonekana ikateketea kwa makombora ya Chatham.

Siku tatu baadaye, Novemba 10, meli nyingine ya makaa iliingia katika historia ya Rufiji, safari hii ya Waingereza. Newbridge ilipelekwa na watu waliojitolea hadi ndani ya mojawapo ya milango ya mto, huku ikipigwa risasi kutoka kingo zote mbili, ikageuzwa kukingama mkondo na kuzamishwa kwa makusudi ili Königsberg isitoke. Lakini delta ya Rufiji ina milango mingi, na Newbridge ilifunga mmoja tu.

Meli nyingine ya makaa ilitoka Ujerumani kwenyewe. Rubens, meli ya Kiingereza iliyokuwa imezuiwa Hamburg, ilipewa jina la Kronborg, bendera ya Denmark na nahodha aitwaye Carl Christiansen. Iliondoka Februari 1915 na silaha, risasi na tani 1,600 za makaa, ikaizunguka Afrika. Mpango ulikuwa Königsberg itoke mtoni, ikutane nayo baharini, ijaze ghala na kurudi Ulaya. Waingereza walizinasa habari zake za redio. Aprili 14, Hyacinth iliikuta karibu na Tanga, Rubens ikakimbilia ghuba ya Manza, na huko Christiansen akaizamisha kwenye maji mafupi huku inaungua. Waingereza wakaondoka wakiamini wamemaliza kazi. Silaha na risasi nyingi ziliopolewa na kuwasaidia askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani koloni humo, kupigana kwa miaka mingine. Makaa ya Königsberg hayakufika Rufiji kamwe.

Baada ya hapo Königsberg ilikuwa ngome iliyokwama. Mabaharia wake waliugua malaria, na wengine wengi walipelekwa kupigana nchi kavu. Julai 11, 1915, Severn na Mersey, meli za vita za kina kifupi zilizoletwa kutoka Uingereza, zikisaidiwa na ndege kutoka Mafia, ziliimaliza. Wajerumani waliiopoa mizinga yake yote 10, wakaitengenezea magurudumu Dar es Salaam, na mizinga hiyo ikavutwa na watu nchi nzima. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, pamoja na mzinga wa Pegasus.

Sifa za Königsberg zinapaswa kugawanywa upya. Mapigano yake yalikuwa machache mno, na siku ilizoweza kwenda itakako zilikuwa zile tu ambazo Somali ilikuwa imeijazia ghala. Somali ilipoungua, hatima ya Königsberg ilibaki kungoja siku, na Looff mwenyewe hakuwahi tena kuitoa manowari yake baharini.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa makumbusho yetu, ya Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa: pale inapotajwa Königsberg, itajwe na Somali, na zitajwe Newbridge na Rubens. Na kwa vijana wa Salale na Simba Uranga huko Kibiti, na wa Manza huko Mkinga: waulizeni wazee wenu walichosikia kwa babu zao kuhusu meli hizi na waliozibebea mizigo, mkiandike pamoja na majina, kisha mkipeleke makumbusho.