Mathari: Nyumba ya Wagonjwa Iliyogeuzwa Dhihaka

Katika karakana za mawe ya sabuni za Tabaka, huku Kisii, ambako mchongaji hulitia jiwe majini akalisugua kwa msasa hata rangi yake ya waridi au ya maziwa ikadhihirika, kijana akilivunja sikio la kiboko aliyekwisha kuchongwa hakosi mwenziwe wa kumwambia kwamba makao yake ni Mathare, yaani hospitali ya wendawazimu ya Nairobi. Msemaji huenda hajapata kuiona Nairobi, iliyo mbali zaidi ya kilomita 300. Lakini lakabu ile imemfikia, kama ilivyomfikia kila Mkenya, kwa njia ya vichekesho na soga za matatuni.

Taarikhi ya hospitali hiyo ni fupi. Mwaka 1910 serikali ya kikoloni ililitwaa boma lililokuwa la kuwatenga wagonjwa wa ndui, ikalifanya nyumba ya wendawazimu, na mwaka 1924 ikaiita Mathari. Watu wakalitamka jina hilo kama la mtaa wa jirani, Mathare, na wakazi wa mtaa huo, wasio na hatia yoyote, wakaambulia sehemu ya masimango. Ada hii si ya Kenya peke yake, maana Unguja hutajwa Kidongo Chekundu, Tanganyika Mirembe ya Dodoma, na Kampala Butabika, iliyofunguliwa mwaka 1955. London nako, hospitali ya Bethlem, iliyoasisiwa mwaka 1247, ililizalia taifa zima neno la ghasia na vurumai. Shakespeare akamvika Edgar, katika tamthilia ya King Lear, matambara ya mwendawazimu aliyetoka humo, na William Hogarth akaichora mwaka 1735, mabibi wa kitajiri wakipita kuwatazama wagonjwa kana kwamba wamekuja tamashani. Wamisri nao wakamtia mchekeshaji wao Ismail Yassin katika hospitali ya majununi, kwa filamu ya mwaka 1958, hadhira ikacheka.

Lakini Kisii ina kisa chake na Mathari, nacho wachekeshaji hawakitaji. Tabibu J. C. Carothers, aliyeisimamia hospitali hiyo tangu mwaka 1938 hata 1950, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, akamfananisha Mwafrika mzima wa afya na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Hoja hiyo Frantz Fanon, naye tabibu wa maradhi ya akili, aliishambulia kwa ghadhabu, na kwa haki. Wakati Carothers akiyaandika hayo, huku Kisii walikuwako waganga waitwao ababari, ambao mtu aliyepigwa rungu kichwani na kuteswa na maumivu yasiyokoma aliwaendea, nao wakaichana ngozi kwa kisu na kuukwangua mfupa wa fuvu kidogo kidogo, kwa subira ya ajabu, pasipo kuugusa ubongo. Haikuwa dawa ya wazimu, kama wageni wengi walivyodhani, bali ya kichwa kilichojeruhiwa, na wagonjwa wengi walipona wakaishi.

Edward Margetts, Mkanada aliyeishika Mathari katika miaka ya 1950, alikuwa na busara ya kuja kutazama. Aliichunguza kazi ya ababari, na mwaka 1967 pakachapishwa makala yake ndefu juu ya upasuaji wa fuvu katika Afrika Mashariki, ambayo wanataaluma wa ng'ambo huirejelea hata leo. Hivyo Nairobi iliipelekea Kisii neno la kuchekea, na Kisii ikaipa Nairobi elimu. Naona katika biashara hiyo Mgusii ndiye aliyepunjika.

Masimango yenyewe yana madhara yaliyo wazi, kwani mtu anayeogopa kuitwa wa Mathare humficha nduguye chumbani mpaka maradhi yakomae. Sheria ya afya ya akili, iliyorekebishwa mwaka 2022, imezitwika kaunti wajibu wa kuwatibu wagonjwa hawa katika hospitali zao zenyewe. Basi mwenye mgonjwa Tabaka na aende mjini Kisii akaidai haki hiyo mapema, wala asione haya.