Mashine ya Upepo Yenye Kengele

Wengi wa Buha, nchi ya Waha, waliujua upepo wa matairi kwa baiskeli kabla ya gari. Wazee wetu wa Kakonko, Kibondo na Kasulu walikwenda kukata mkonge Tanga, na kuanzia mwaka 1944 kazi ya kuwakusanya manamba, yaani vibarua wa mkataba, ilishikwa na chombo cha wenye mashamba kilichoitwa SILABU. Waliofanikiwa kubana mshahara walirudi na baiskeli. Tairi la upepo lenyewe halikuwa na umri mkubwa: John Boyd Dunlop alilitengeneza Belfast kwa ajili ya baiskeli ya miguu mitatu ya mwanawe, akapata hataza mwaka 1888. Huku kwetu lilijazwa kwa pampu ya mkono na kupimwa kwa kidole gumba, na kwa baiskeli inayopeleka ndizi gulioni kidole kilitosha.

Kwa lori hakitoshi. Tairi la lori hutaka kama paundi 100 kwa inchi ya mraba, mara tatu ya gari dogo. Ukilibonyeza kwa kidole, lenye paundi 60 na lenye 100 yote ni magumu tu. Lakini lile lililopungukiwa hujikunja ubavuni kila linapozunguka, linapata moto, mwisho linapasuka na mzigo ukiwa juu.

Ndiyo maana sheli za zamani ziliwekewa mashine ya upepo: kasha la chuma lenye mkono wa kuzungusha, dirisha dogo la namba, mpira mrefu na kengele. Unazungusha mkono mpaka namba unayoitaka, unachomeka mpira kwenye valvu, kengele inaanza kugonga. Ikinyamaza, tairi limeshiba.

Yangu niliikuta Kibondo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, ikingoja gari la kuipeleka kuyeyushwa. Kioo kilikuwa kimepasuka na mkono umeganda, ila kengele ilikuwapo. Niliinunua kwa kilo, kama chuma kingine chochote, na bado naona uchungu kwamba kitu cha namna ile kilipimwa kwa kilo.

Nilianza na mkono. Kutu ya miaka haitaki nyundo. Niliuloweka kwa dizeli na oili, nikawa nautikisa kidogo kidogo kila jioni baada ya kufunga kazi, hadi ukakubali. Nilipofungua ndani nikakuta siri yote ni mizani: upande mmoja springi, upande wa pili upepo wa tairi, katikati kiwambo cha mpira. Ukizungusha mkono unaikaza springi. Upepo hupita kwa mafungu, kila fungu likigonga kengele, na tairi likishajaa hadi kulingana na nguvu ya springi, njia inajifunga yenyewe. Mashine haina waya wala betri. Aliyeibuni namheshimu sana.

Kiwambo kilikuwa kimekauka na kuchanika. Tyubu ya lori haifai hapo, maana hutanuka na kuharibu kipimo. Nilitafuta mpira wenye nyuzi ndani, nikaukata kwa kufuatisha kile cha zamani. Springi niliisafisha kwa mafuta ya taa tu, kwa kuwa ndiyo inayoshika kipimo. Kisha nikaweka geji mpya pembeni, nikapanda namba moja baada ya nyingine, nikirekebisha mkazo wa springi mpaka vipimo vyote viwili vikasema sawasawa.

Adui aliyebaki ni maji. Kompresa ikibana hewa ya masika ya huku milimani, unyevu hukusanyika ndani ya tangi, na usipolifungulia chini kila asubuhi maji yanaifuata mashine, kutu inarudi.

Mashine hii inahitajika leo kuliko zamani. Barabara ya Nyakanazi, Kakonko, Kibondo hadi Kasulu ilipokuwa vumbi, gari lilikwenda taratibu na tairi dhaifu liliweza kukufikisha. Juu ya lami mabasi na Noah zinakimbia, na tairi likipasuka kwenye mwendo huo dereva hana nafasi ya kufikiri.

Kwa hiyo dereva, pima matairi asubuhi yakiwa bado baridi, kabla hujapakia abiria. Nawe unayenunua vyuma chakavu Kasulu au Kigoma mjini, ukiletewa kasha lenye mkono na kengele, usilivunje. Liweke kando, utuite mafundi.